Udokta wa kuombaomba, aibu ya nani?

Ndugu msomaji, wewe uliyelinunua gazeti hili pale kituoni, au unalisoma kwa kuchungulia begani kwa mwenzako kijiweni, tunajua ulichosema moyoni ulipoona kichwa cha habari. Umesema: mambo ya udokta yananihusu nini mimi? Kazi sina, kodi ya chumba imefika, bodaboda ni ya tajiri na hesabu yake lazima ikamilike jioni. Waache wasomi wahangaike na vitabu vyao.

Tunakuomba utuvumilie kidogo. Anayekuandikia haya naye aliishia sekondari. Hana digrii ya kujivunia wala ya kutetea. Lakini tumeona kwamba jambo hili, ambalo vigogo wanapenda tulione kuwa ni la wasomi peke yao, ni mmoja wa milango ambayo mtoto wa mlalahoi anafungiwa kimyakimya. Hakuna bomu la machozi, hakuna king'ora, hakuna mkutano unaopigwa marufuku. Mlango unafungwa kwa kukosa fedha tu, na aliyefungiwa anaondoka akidhani kosa ni lake.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina chama. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Bajeti ya mikopo imekuwa ikipanda: mwaka wa masomo 2021/22 zilitengwa shilingi bilioni 570, na mwaka 2024/25 zikafika bilioni 787. Tunakiri kwamba hizo si fedha za karanga. Sisi si wapinzani wa kupinga hata jua likichomoza.

Lakini uliza fedha hizo zinakwenda wapi. Sehemu kubwa kabisa inakwenda kwa wanaosoma shahada ya kwanza. Ukifika shahada ya pili na ile ya tatu, ambazo wenyewe wanaziita uzamili na uzamivu, unakuta makombo. Ndiyo, Bodi hutoa mwongozo wa ngazi hizo pia. Lakini kwa miaka mingi mlango huo ulilengwa hasa kwa walimu wa vyuo vikuu vya umma, yaani watu ambao tayari wana ajira na mwajiri wa kuwasainia barua. Aliye nje ya uzio akabaki nje ya uzio.

Sasa tuseme yuko kijana wa Manzese. Baba ni fundi cherehani, mama anauza chakula kwa wajenzi. Kijana ana kichwa, amepasua mtihani wa kidato cha sita, amepata mkopo, amekula bumu lake kwa adabu miaka mitatu na ametoka na alama za juu za kumwezesha kufikiriwa hata kufundisha chuo kikuu. Walimu wake wanamwambia: kijana, wewe usiishie hapa, wewe ni wa kwenda mpaka mwisho. Anarudi nyumbani kifua mbele. Kisha anauliza ada. Anaambiwa ni mamilioni kwa mwaka, bado chakula, bado nauli, bado gharama za utafiti wenyewe. Anauliza nani analipa. Anajibiwa: tafuta mfadhili.

Afanye nini? Akipata kazi, Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inamkata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kulipa mkopo wa shahada ya kwanza. Asipopata kazi, deni linamsubiri palepale. Wakati huohuo mtoto wa kigogo, hata kama darasani alikuwa akishika mkia, baba yake anatoa fedha mfukoni na kijana anapanda ndege. Baada ya miaka mitano anarudi na herufi mbili mbele ya jina, Dk., na wewe unaambiwa uchumi wa soko ndivyo ulivyo. Huo si uchumi wa soko. Huo ni urithi wa kiti.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1949 Mwalimu Nyerere alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada yake ya M.A. Nani alimlipia? Si baba yake, ingawa alikuwa chifu. Alilipiwa na serikali, tena ya mkoloni! Mkoloni, pamoja na ubaya wake wote, alimlipia mtu aliyekuja kumng'oa. Na baada ya Uhuru, tangu kile chuo kidogo kilichoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, serikali iliwasomesha vijana kwa kodi ya wakulima wa pamba, kahawa na mkonge. Wengi waliokuja kuamua kwamba elimu ya juu sasa ichangiwe, sera iliyoanza kubana mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuwa wamesoma bure. Wamepanda ghorofani, wameivuta ngazi juu.

Mwalimu alikuwa na mfano wake maarufu. Alisema anayesomeshwa na nchi maskini ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki kijijini wakati wa njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa wenzake. Asiporudi ni msaliti. Mfano huo vigogo wanaupenda sana, wanautumia kuwakaripia wasomi kila wanapodai haki zao. Lakini wanasahau nusu ya kwanza. Kabla ya kumdai mtu arudi na chakula, kijiji kilimlisha! Leo kijiji kinamwambia kijana: nenda kaombe kijiji cha pili, ukishiba urudi ututumikie.

Na kijiji cha pili ndiko tulikojazana. Sweden imesaidia utafiti na masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Wajerumani wana DAAD yao, Waingereza wana nafasi zao za Jumuiya ya Madola, Wanorwe wapo, Wachina wapo. Tunawashukuru, hatuna kinyongo nao. Wahadhiri wengi wazuri tulio nao wametengenezwa na misaada hiyo. Lakini wahenga hawakukosea: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tena hafi maskini tu, anakufa akifanya kazi ya nduguye. Mwenye fedha ndiye anayetangaza mada. Akisema mwaka huu analipia utafiti wa jambo fulani, vijana wetu wote wanageuka watafiti wa jambo hilo. Msomaji, unajua mafuriko ya Jangwani yanavyokufungia barabara kila masika. Unajua vijana wa bodaboda wanavyokatwa miguu. Unajua mama zetu wanavyolipishwa riba za mikopo ya kausha damu. Haya ni maswali yanayostahili mtu kukaa miaka minne akiyachambua mpaka mzizi. Yatapata fedha iwapo tu mtu wa ng'ambo atapendezwa nayo. Asipopendezwa, tutabaki kuyajadili kijiweni.

Na siku mfadhili akibadili mawazo? Mfano tumeuona kwa macho. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Kabla ya mwaka kufika katikati, miradi mingi ya afya na ya utafiti barani Afrika ilikuwa imesimama, na Julai 1, 2025 shirika la USAID likafungwa rasmi. Saini moja, ofisi moja, Washington. Mwanafunzi aliyekuwa akitegemea mradi kama huo kwa ada na kwa dawa za maabara alilala msomi akaamka mdaiwa. Tusimlaumu Trump. Fedha ni za walipa kodi wake. Swali ni hili: za walipa kodi wetu sisi zilikuwa wapi?

Serikali itajibu kwamba inafanya. Itataja mradi wa kuendeleza elimu ya juu uitwao HEET, wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, uliopitishwa mwaka 2021, ambao pamoja na majengo unasomesha wahadhiri shahada za uzamili na uzamivu. Itataja vituo vya umahiri pale Sokoine, Morogoro, na pale Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ambavyo navyo vilipata fedha za Benki hiyohiyo. Vizuri. Lakini msomaji, usidanganyike na neno "mradi". Hizo ni fedha za mkopo. Wewe na watoto wako ndio mtakaolipa. Na mradi una tarehe ya mwisho: ukifungwa, gari lenye nembo linaegeshwa, na foleni ya vijana inaanza upya. Hiyo Taasisi ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na imejengwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Taifa linaloweza kujenga chuo kizima cha ngazi hiyo, kisha likashindwa kuwa na mfuko wa kudumu wa kumlipia anayesoma humo, ni sawa na mtu aliyenunua basi akasahau mafuta.

Kuna na jambo jingine ambalo wengine wanaogopa kulisema. Siku hizi misaada ya masomo inabeba jina la mkubwa. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo ufadhili uitwao Samia Scholarship kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, na upo mpango wenye jina hilohilo wa kusomesha madaktari bingwa. Hatupingi mtoto wa maskini kusomeshwa, tungekuwa wendawazimu. Madaktari bingwa tunawahitaji. Tunachopinga ni jina. Fedha ni za Hazina, Hazina ni yako. Msaada ukiitwa kwa jina la mtu, anayepewa anafundishwa kushukuru badala ya kudai, na anayenyimwa hana pa kukata rufaa, maana fadhila haikatiwi rufaa. Leo jina ni hili, kesho litakuja jingine na vigezo vyake. Haki haihitaji picha ya mtu ukutani. Inahitaji kifungu cha sheria.

Hapa ndipo tunapokuja kwako, kijana wa kijiweni. Umepata ajali na pikipiki, mguu umevunjika mara mbili, umelazwa hospitali ya rufaa. Anayeweza kuunga mfupa huo vizuri ni bingwa, na bingwa hatoki kwenye shahada ya kwanza. Lazima arudi darasani miaka kadhaa. Daktari anayesomea ubingwa kwenye karatasi ni mwanafunzi, lakini wodini ndiye anayekesha. Kama hakupata wa kumlipia, basi anakesha akikushona wewe huku akiwaza ada ya muhula. Wengine wanaona bora waache, wafungue duka la dawa. Ukisikia bingwa wa kitu fulani mkoani kwenu ni mmoja au hakuna, usidhani Mungu hakuwaumba. Hawakulipiwa.

Au mdogo wako amebahatika kuingia chuo kikuu. Nani anamfundisha? Vyuo vimeongezeka, wanafunzi wamejaa mpaka dirishani, lakini mwenye shahada ya uzamivu hatengenezwi kwa miezi sita kama dereva. Ndiyo maana unakuta mhadhiri mmoja anapiga deiwaka vyuo vitatu, asubuhi hapa, mchana kule, jioni pengine, na msaidizi aliyemaliza juzi ndiye anayebeba darasa. Mdogo wako anatoka na cheti kisichomsaidia, anakuja kukaa na wewe kijiweni. Unaona sasa kwamba udokta unakuhusu?

Tunajua hoja za upande wa pili. Ya kwanza: fedha hakuna. Hatukubali. Nchi hii mwaka 2005/06 ilitokwa na shilingi bilioni 133 katika akaunti ya EPA pale Benki Kuu. Mwaka 2014 Bunge lilikesha likijadili zaidi ya bilioni 300 za akaunti ya Tegeta Escrow. Zilipatikanaje zile? Kila ukiona msururu wa mashangingi ukipita na ving'ora, jua hazina ipo, ila ina wenyewe. Ugomvi wetu si uhaba wa fedha. Ugomvi ni nani anakaa karibu na sufuria.

Hoja ya pili: tuwamalize kwanza wa shahada ya kwanza, maana hata wao wapo wanaokosa. Hii ina ukweli, na hatuipuuzi. Mtoto anayekosa mkopo wa shahada ya kwanza anaumia kuliko wote. Lakini hatusemi mmoja anyang'anywe apewe mwingine. Wanaohitaji fungu la uzamivu kwa mwaka ni wachache, si maelfu kwa maelfu kama wa shahada ya kwanza. Afrika Kusini katika mpango wake wa maendeleo wa mwaka 2012 ilijiwekea shabaha ya kutoa wahitimu 100 wa uzamivu kwa kila watu milioni moja kwa mwaka ifikapo 2030. Wameweka namba, wanaweza kuulizwa. Jirani zetu Kenya, bodi yao iliyoundwa mwaka 1995 inatoa mikopo ya uzamili na uzamivu na ufadhili kidogo pia. Kule Norway anayesoma uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa, analipwa mshahara, kwa sababu wanajua utafiti ni kazi kama kazi nyingine. Sisi namba yetu ni ngapi? Waziri akiulizwa atakujibu kwa ngonjera.

Hoja ya tatu ndiyo inayosemwa vijiweni: wenye digrii wenyewe hawana ajira, udokta wa nini? Ndugu, hilo ni swali zuri, lakini jibu lake si kuzima taa. Nchi isiyo na watu wa kuchimba mambo kwa undani ndiyo inayosaini mikataba ya madini bila kujua kilichoandikwa. Ndiyo inayomlipa mtaalamu mshauri kutoka nje kwa dola ili aje atuambie tunachokijua. Ndiyo inayoagiza mpaka vijiti vya kuchokolea meno. Ajira zako zimekwenda huko.

Sasa tunasema wazi tunachotaka, maana mpinzani asiye na dai ni mlalamikaji.

Kwanza, uundwe mfuko wa uzamili na uzamivu kwa sheria ya Bunge, wenye fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, usiobeba jina la mtu yeyote aliye hai wala aliyekufa. Pili, kwa uzamivu utolewe ruzuku, si mkopo. Anayefanya utafiti kwa ajili ya taifa alipwe posho ya kumwezesha kula na kupanga chumba, naye aandikiane mkataba wa kufundisha au kuhudumia nchini kwa miaka itakayokubaliwa. Akikimbia, alipe. Hapo mfano wa Mwalimu utakuwa umetimia pande zote mbili. Tatu, nafasi zitangazwe wazi, na orodha ya waliopata itoke hadharani pamoja na vigezo na alama zao, ili tujue kama ni kichwa cha mtu kilichompa nafasi au ni ukoo wake. Nne, aliye nje ya ajira ya serikali naye aruhusiwe kushindana. Mtoto wa fundi cherehani asidaiwe barua ya mwajiri asiye naye. Tano, sehemu ya fedha itengwe kwa maswali yanayotoka kwa wananchi wenyewe: maji ya mitaani, mafuriko, ajali, bei ya mazao, magonjwa yanayotuua. Na anayelipa asilimia 15 kila mwezi asimamishiwe makato anapokuwa masomoni. Serikali haiwezi kumkamua ng'ombe huku imemfungia malisho.

Haya si maajabu. Mwaka 2021 serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo, baada ya wadaiwa kupiga kelele kwa miaka. Wakati wote ule waliambiwa haiwezekani. Kelele zilipozidi, ikawezekana siku ya Mei Mosi, mbele ya wafanyakazi. Kwa hiyo msomaji, usidharau kelele zako.

Na wewe una kazi ya kufanya. Atakapokuja mgombea mtaani kwenu, diwani au mbunge, wa chama chochote kiwe, hata chetu, usimshangilie kwa fulana na kofia. Muulize: mwaka huu bajeti imetenga shilingi ngapi kwa uzamili na uzamivu, na watoto wangapi wa kata hii wamepata? Akianza porojo, mrudishe kwenye namba. Asipoijua, mwambie aende akaitafute ndipo arudi kuomba kura. Mkiuliza watu kumi mkutano mmoja, mkutano wa pili atakuja na karatasi.

Kwa sababu yule kijana wa Manzese tuliyemtaja hajakata tamaa. Usiku huu yupo mahali anajaza fomu ya nchi ya mbali kwa Kiingereza, anamweleza mtu asiyemjua kwa nini anastahili kusoma. Barua kama hiyo alipaswa kuiandika kwa serikali yake mwenyewe, kwa Kiswahili, na ajibiwe.